Mahali pa Kuzikwa Malaba

Swali ambalo wazee wa kanisa la Malaba walituuliza siku ya kwanza halikuhusu imani yetu. Hawakutaka kujua tulisomea wapi, wala tutahubiri nini. Walitupa chai ya maziwa na muhogo wa kuchemsha, wakauliza tuna watoto wangapi na kama wazazi wetu wako hai, wakatupa pole tuliposema wametangulia. Kisha mzee mmoja mrefu, aliyekuwa amevua kofia yake na kuiweka gotini, akauliza kwa upole kabisa:

"Sasa mwalimu, Mungu akikuita ukiwa hapa kwetu, wewe na mama, tutawapeleka wapi?"

Nilikuwa nakaribia miaka sabini. Nilikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mwinjilisti wa muda mrefu, na mke wangu alikuwa mkunga mstaafu. Kanisa letu la Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, lilitutuma kuja kulisaidia kanisa changa la hapa mpakani kwa miaka mitatu. Watoto walikuwa wamekwisha kujitegemea, na magoti yetu yalikuwa bado yanatubeba. Tulikuja kwa moyo mmoja, na swali la yule mzee halikunitisha. Nilikuwa na jibu lake tangu utotoni.

Pale kijijini kwetu, nyuma ya kanisa la zamani, kuna makaburi ya wamisionari walioileta Injili milimani. Walitoka ng'ambo wakiwa vijana, wakazeeka kwetu, na hawakurudi kwao. Sisi watoto wa shule tulipangiwa zamu ya kuyafagia makaburi yale kila Jumamosi. Baba yangu alipenda kuniambia kwamba mtumishi wa kweli anajulikana kwa mahali alipolala. Nilikua na maneno hayo. Kwa hiyo nilipoulizwa, nilisimama, nikajibu mbele ya wote:

"Tuzikeni hapa hapa. Ardhi yote ni ya Mungu. Nipeni mahali padogo tu katikati yenu."

Chumba kikawa kimya. Mke wangu alinitazama, halafu akatazama kikombe chake. Niliamini wameguswa, na nadhani waliguswa kweli. Lakini baadaye nilikuja kujua kwamba katika ukimya ule kila mzee alikuwa analipima shamba lake kichwani. Jibu langu lile ndilo lililokaribia kumtenga yule mzee mrefu na mtoto wake wa kwanza, na kwa muda wa miezi kadhaa tuliishi bila kujua.

Tulipangiwa nyumba ya vyumba viwili, si mbali na barabara kuu. Foleni ya malori ya kwenda Uganda ilipita mbele yetu mchana kutwa. Madereva walipika chini ya trela zao, wakafua na kunyolewa pale pale, na wengine walikuwa Watanzania waliofurahi kusikia mtu akiwaamkia shikamoo. Mke wangu, aliyezoea baridi ya Njombe na blanketi mbili, alihangaika na joto kwa majuma ya mwanzo. Hakulalamika. Alijifunza kusonga ugali wa ulezi na muhogo, huku ulezi wanauita wimbi, na kupika kunde zilizotiwa karanga. Alijifunza pia kusalimia kwa Kiteso. Sokoni akisema "yoga" wanawake waliacha biashara wakamshika mkono kwanza, ndipo wakazungumza bei.

Alhamisi nilikwenda Busia kufundisha darasa la wahubiri wa kujitolea, watu wazima waliotoka Funyula na Butula, na mmoja aliyetoka Port Victoria akinuka samaki na akijua Maandiko kuliko wenzake wote. Jumapili nilihubiri Malaba.

Hapo kanisani nilipewa mkalimani. Watu wengi walielewa Kiswahili, lakini benchi la mbele lilikuwa la kina bibi waliojua Kiteso peke yake, na kiongozi wao alikuwa mama mzazi wa yule mzee mrefu. Alikuwa mzee sana, mwembamba, na alikaa ameegemea fimbo yake akinitazama mdomoni nilipozungumza lugha asiyoielewa. Mkalimani alikuwa mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa mzee. Huyu alikuwa mtu wa makamo, wakala wa forodha mwenye kiofisi kando ya barabara, na alikuwa na kipawa. Nilisema sentensi, akaichukua, akaigeuza, na kina bibi wakaguna kwa kukubali kabla sijavuta pumzi ya sentensi ya pili. Miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kusimama na mtu nikajisikia nimesimama na mkono wangu wa kulia, isipokuwa yeye. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumapili.

Baada ya mvua ndefu za mwaka wa kwanza, mzee mrefu alitualika kwake. Boma lake liko nje kidogo ya mji, shamba likiteremka kuelekea mto. Mkewe, mwenyeji wa Khunyangu aliyeolewa huku zamani, alituchinjia kuku, na firigisi akaniwekea mimi. Tulipomaliza kula mzee aliwaita ndugu zake wawili, akatupeleka upande wa chini wa boma, karibu na makaburi ya baba yake na babu yake. Palikuwa pamefyekwa, na pembe nne zilikuwa na vigingi.

"Uliomba mahali mbele ya watu," alisema. "Mimi ndio nilikuuliza, na mimi ndio nimekupa. Hapa ni penu, wewe na mama. Hiyo siku bado iko mbali. Kwa sasa limeni."

Ndugu zake waliitikia kwa vichwa. Niliinua mikono nikaomba. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, maana nilijiona nimehesabiwa na wale wa nyuma ya kanisa letu la zamani. Kisha tukafanya kama tunavyofanya kwetu mtu akigawiwa kiwanja na kijiji. Wiki iliyofuata nilinunua Busia miche miwili ya parachichi iliyobebeshwa, tukaipanda pale, mmoja wangu na mmoja wa mke wangu, kuonyesha kwamba zawadi imepokelewa kwa moyo. Mke wangu akapanda maharage katikati. Mtoto wa kwanza wa mzee alipita na pikipiki yake tulipokuwa tukimwagilia. Alisimama, akaitazama ile miche.

"Kazi njema, mwalimu," alisema, akaondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja mbele. Nilisimama na Neno langu mkononi, nikamtafuta kwa macho, nikamwona nyuma kabisa, mlangoni. Hakusogea. Kabla sijajua la kufanya, mzee mwenyewe aliinuka, uso umekunjamana, akaja kusimama pembeni yangu. Mzee ana sauti kubwa lakini si mkalimani. Nilisema maneno machache kuhusu subira, naye akazungumza muda mrefu akitazama mlangoni. Kina bibi hawakuguna. Mama yake aliitazama fimbo yake. Nilipoangalia tena mlangoni, mtoto wa mzee hakuwepo.

Ikawa hivyo Jumapili ya pili, na ya tatu hakuonekana kabisa.

Ukweli tuliupata kwa wanawake. Mke wangu alikwenda kumsaidia mke wa mzee kuchambua wimbi, wakakaa wawili kwenye ubaraza na ungo katikati yao. Aliporudi aliniketisha, akanieleza neno kwa neno, na mimi nayaandika kama alivyoniambia.

Mke wa mzee alikuwa ameanza kwa mbali, akisifu miche yetu kwamba imeshika. Kisha akaacha kuchambua.

"Mama mwalimu, mimi nitakuambia, kwa sababu wewe ni mwanamke na hao wanaume hawatakuambia. Kijana wangu hali tena kwangu. Akija anasimama kwa mlango. Ananiuliza, hao watu wako na watoto wangapi? Wavulana ni wangapi? Nikasema wanne. Akaniambia, basi mama, hao wanne watakuja."

"Watakuja kufanya nini?" mke wangu aliuliza.

"Si watakuja kuuliza baba yao alilala wapi? Na wataonyeshwa. Watapata kaburi, watapata miti. Sasa hiyo ni shamba ya nani?"

Mke wangu alisema kwamba watoto wetu wana mashamba yao Njombe na hawawezi kuja kudai kitu Malaba.

"Najua," yule mama alijibu. "Hata yeye anajua nyinyi si watu wabaya. Lakini wewe utakuwa umelala hapo, hutasema. Na mzee wangu atakuwa amelala. Nani atasema? Hapa mtu akizikwa amefika. Akipanda mti, amefika mara mbili."

Ndipo tulipoelewa tulichofanya. Kwetu kijiji kina makaburi yake upande mmoja, na anayezikwa pale hamiliki kitu wala watoto wake hawamiliki kitu. Wote wanalala pamoja, mwenye shamba na asiye na shamba. Mti ni adabu ya mpokeaji, basi. Hapa ardhi inasomwa kwa namna nyingine. Shamba la mzee lilikuwa limegawanywa kwa watoto wake watatu kimya kimya, kila mmoja anajua mpaka wake, na ile sehemu yenye vigingi vinne ilikuwa upande wa mtoto wa kwanza. Baba yake alikuwa amemkatia mgeni kipande cha urithi wake mbele ya mashahidi, kwa sababu mgeni aliomba mbele ya mashahidi.

Nilikaa na jambo hilo. Niliwakumbuka wale wamisionari wa kwetu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajiuliza swali dogo: wamelala kwenye ardhi ya nani? Jibu lilikuwa rahisi. Wamelala kwenye ardhi ya misheni, ambayo hakuna mtoto wa mtu aliyekuwa akiingojea. Mimi nilikuwa nimeomba mahali pao, ila niliomba kutoka kwenye sahani ya mtu.

Mtu wa kwanza niliyekwenda kumwona alikuwa kijana mwenyewe. Nilimkuta kiofisini, amezungukwa na madereva waliokuwa na haraka ya kuvuka. Aliwaomba wangoje, akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya kreti ya soda. Aliniagizia chai. Heshima yake haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini hiyo maneno ulisema mbele ya watu."

Nilimuuliza kama naweza kuyarudisha.

"Ukirudisha, utamwaibisha mzee. Watu watasema alitoa, mgeni akakataa, sijui shamba yake iko na nini. Ukikaa nayo, mimi ndio nimeaibika. Ndugu zangu wananiangalia. Sasa Jumapili nisimame hapo na wewe, nitafsiri nini? Upendo?"

Dereva mmoja alichungulia akauliza kama boss amemaliza. Boss akamwambia angoje. Tulikunywa chai yetu. Nilimwambia tu kwamba nimeelewa, na kwamba nitaomba, na yeye akasema asante, mwalimu, hilo hata mimi nafanya.

Mazoea ya kanisa letu ni kwamba jambo la namna hii linapelekwa kwenye kikao. Nilianza kupanga: tuwaite wazee, tufungue kwa sala, kila upande useme. Mke wangu alikuwa akichoma mahindi kwenye jiko nje, jua likiwa linashuka nyuma ya malori. Aliniacha nipange mpaka nikamaliza.

"Kikao ndicho kilichotuingiza huku," alisema. "Ukisema wewe, mzee anaaibika. Akisema mzee, amekula maneno yake. Akisema kijana, amembishia baba yake. Yuko mtu mmoja tu anayeweza kusema na asimvunjie mtu heshima."

"Nani?"

"Mtoto wako wa kwanza. Kwani mzazi akifa, anayesema alale wapi ni nani? Kwao ni mtoto. Kwetu ni mtoto. Hilo halina mpaka."

Nimeishi na mwanamke huyu muda mrefu, na bado Mungu ananifundisha kupitia yeye mambo ambayo ningetakiwa kuwa nimekwisha kuyajua.

Nilimpigia simu mtoto wetu, fundi seremala wa Makambako. Alipenda sana kucheka, na nilipoanza kumweleza alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, ulisema hivyo kweli? Mzikwe huko?"

Nikamwambia nilisema.

"Na sisi ulituuliza?"

Nilimweleza habari ya utumishi, na ya kumpa Mungu vyote. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema kwamba yeye alidhani tumekwenda na tutarudi, na kwamba tangu tuondoke ameiwekea paa jipya nyumba yetu, na mama asiambiwe kwa sababu ilikuwa siri. Sikuwa nimefikiri kwamba kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Nilidhani mwili wangu ni wa kwangu kuutoa. Nimefundisha somo la sadaka kwa miaka mingi, na nimewaambia watu kwamba mtu hutoa kilicho chake. Ilibidi seremala wa Makambako anionyeshe kwamba sehemu ya mtu si yake peke yake. Nilifurahi kuonyeshwa. Mtu mzee anayeweza bado kufundishwa na mtoto wake ana sababu ya kushukuru.

Alikuja kwa mabasi, akipitia Mwanza na Sirari, na mfuko wa majani ya chai ya kwetu begani. Alipofika aliosha uso, akalala kidogo, akaomba apelekwe kwa mzee. Sikumfundisha la kusema. Nilimpelekea mzee taarifa kwamba mtoto wangu amekuja kumsalimia, na kwa taratibu za hapa hilo lilitosha kumfanya awaite ndugu zake, na watoto wake pia. Viti vya plastiki vilipangwa uani. Mama yake mzee alitolewa nje, akawekwa katikati kwenye mkeka. Kijana wa kwanza wa mzee alikuja mwisho, akachagua kiti cha pembeni.

Mtoto wetu alisimama akaamkia shikamoo, akaanza kusema. Baada ya sentensi ya kwanza bibi aligonga fimbo yake chini. Hakuwa ameelewa neno. Mzee alifungua mdomo kutafsiri, na bibi akagonga tena, akamwelekezea fimbo mjukuu wake aliyekaa pembeni. Kila mtu alingoja. Kijana akainuka taratibu, akaja akasimama kando ya mtoto wetu, pale pale ambapo angesimama kando yangu.

"Endelea, ndugu yangu," alisema, akitazama chini.

"Kwanza nimekuja kushukuru," mtoto wetu alisema. "Mtu hampi mgeni ardhi kama hampendi. Tumesikia kwamba mmempenda baba yetu na mama yetu, na ndugu zangu wote wameniambia niwashukuru."

Kijana alitafsiri. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Lakini mzee, baba yangu alikuomba kitu ambacho hakikuwa chake kukiomba. Hakutuuliza sisi watoto. Siku hiyo ikifika, nitakuja mimi mwenyewe kumchukua, yeye na mama, tuwalaze karibu na babu. Nakuomba uniachie. Wewe pia ni baba wa watoto."

Hapo mkalimani hakutafsiri mara moja. Aligeuka akamtazama mwenzake usoni, mtoto wa kwanza kwa mtoto wa kwanza, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuusaini. Kisha akayasema yote kwa Kiteso, kwa sauti yake ile ya Jumapili, na bibi akaguna.

Bibi aliuliza kitu. "Anauliza huko ni mbali kiasi gani," kijana alisema. Mtoto wetu akaeleza miji aliyopita, mmoja baada ya mwingine, na bibi akatikisa kichwa kwa kila mji. Akauliza tena.

"Anauliza utakuja kweli, ama unasema tu?"

"Mwambie bibi nimekuja leo, na hakuna aliyekufa."

Kijana alianza kutafsiri, kicheko kikamshinda katikati, akamalizia kwa shida. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na ndugu za mzee wakacheka, na mke wa mzee akajifunika uso kwa kanga. Mzee peke yake hakucheka. Aliitazama kofia yake gotini.

"Mimi nilimpa," alisema. "Watu wasiseme nilimnyima."

"Hukumnyima, baba," kijana wake alijibu. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa baba yake tangu miche ipandwe. Mama yake alituambia hivyo baadaye.

Mzee akamtazama mtoto wake muda mrefu. Kisha akamgeukia wa kwetu. "Mtoto akisema hivyo juu ya baba yake, mimi siwezi kushindana na yeye. Hata hawa wangu wasingekubali nilale kwa watu. Sawa. Kufa kwake ni kwenu." Alivaa kofia yake. "Lakini kuugua, ataugua hapa. Hiyo hamtatunyang'anya."

Mtoto wetu alisema hatawanyang'anya. Ndugu mmoja wa mzee, mtu makini, akauliza na ile miti sasa ni ya nani. Nilikuwa naanza kusimama ili nijibu, na mke wangu akanivuta shati nikakaa.

"Miti ni ya mwenye shamba," mtoto wetu alisema.

"Basi wacha zikae," alisema kijana wa mzee. "Avokado nitakula mimi."

Vigingi aliving'oa mzee mwenyewe jioni ile, na mkewe akavifanya kuni za kupikia chai ya majani ya Njombe, ambayo kijana wake alikunywa ameketi ndani, na si kwa mlango.

Nimejiuliza kama nilishindwa. Nilikuja na picha ya mtumishi anayelala mbali na kwao, na picha hiyo nikaiacha uani kwa mzee. Sioni hasara. Wale wa nyuma ya kanisa letu Mungu aliwaita kwa njia yao, na mimi ameniita kwa njia ya watu wenye watoto na mipaka ya mashamba. Kumpa Mungu vyote si lazima kuwe kuwapa watu mzigo wa kukubeba wakati hutaweza tena kuzungumza nao. Ninaweza kumpa miaka hii mitatu, na magoti haya, na Alhamisi za Busia, na hivyo ndivyo alivyoviomba.

Na kuhusu kuugua, walitimiza. Mvua za vuli zilipoanza malaria ilinikamata vibaya, mimi mtu wa milimani ambaye damu yangu haikuizoea. Mke wangu alijua dalili mapema, na kabla hajamaliza kufunga mfuko kijana wa mzee alikuwa mlangoni na gari la kuazima. Zahanati walinilaza. Mzee alikuja kila asubuhi na chupa ya uji wa wimbi, akamwambia muuguzi kwamba huyu akiwa mgonjwa ni wetu, na muuguzi, ambaye hakujua chochote, akasema sawa mzee. Siku niliyozidiwa sana kijana alikaa kando ya kitanda changu akipokea simu za mizigo kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, jikaze," aliniambia. "Nikimpigia ndugu yangu wa Makambako atafika Ijumaa, na Ijumaa niko na malori ya kuvusha."

Nilicheka, na kicheko kiliniuma kifua, na nadhani tangu hapo nilianza kupona.

Jumapili niliyorudi kanisani nilikuwa bado dhaifu, wakaniwekea kiti mbele. Kijana alisimama upande wangu wa kulia. Nilisema sentensi moja fupi: nawashukuru mlioniuguza. Akaichukua. Alizungumza, akazungumza zaidi, akamwonyesha baba yake kwa mkono, akaiga mwendo wa mtu aliyebeba chupa asimwage, akamwonyesha mke wangu, akanionyesha mimi. Benchi la mbele lilikuwa likicheka na kupiga makofi, na mzee alikuwa anatazama dari kama mtu asiyehusika.

Alipomaliza nilimwinamia nikamuuliza ameongeza nini.

"Sijaongeza, mwalimu," alisema. "Nimewaambia tu ni nani alileta uji."

Nikaendelea na sentensi ya pili.